Usimwambie Daktari

Siku Baba alipoambiwa kwamba ana saratani ya ini na kwamba imeshapita hatua ya kukatwa, alitoka chumba cha daktari amefura. Nilimshika mkono kwenye ngazi nikidhani miguu imemwishia nguvu. Miguu ilikuwa mizima. Kilichomkaa kooni kilikuwa kitu kingine.

"Umemsikia?" aliniuliza. "Ini yako! Mtu amesoma miaka yote hiyo, anaruhusiwa kupasua matumbo ya watu, halafu anasema ini yako. Ini lako! Lako!"

Mlinzi wa mlangoni aligeuka akatupa pole, maana alidhani huo ni mwanzo wa kilio.

Baba alikuwa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, kwenye gazeti kwa miaka thelathini na minane. Kazini walimwita Mzee Nukta, kwa sababu aliwahi kuusimamisha mtambo mzima kwa ajili ya nukta moja iliyokaa pasipo pake. Kwake yeye dunia ina watu wa aina mbili, wanaojua ngeli na wasiojua, na wasiojua anawaombea dua. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikubali kuolewa naye kwa barua, na barua hiyo ilirudi kwake ikiwa na alama tatu nyekundu. Akaolewa hivyo hivyo. Ukoo wetu haujawahi kusifika kwa busara.

Alikuwa na kanuni moja ya kazi, na alinipa kabla sijajua kufunga kamba za viatu: msahihishaji haongezi neno. Anafuta, anabadilisha herufi, anarudisha koma mahali pake, basi. "Ukiwa na maneno yako," alisema, "andika kitabu chako."

Mimi sikuandika kitabu. Nilikwenda kupanga maandishi kwenye duka la uchapaji, kwenye kiti ambacho Baba mwenyewe alinitafutia kwa kumwambia mwenye duka kwamba binti yake hakosei. Tunachapa kadi za harusi, ratiba za mazishi na vikaratasi vya kila mwenye kitu cha kuuza. Kwa miaka kumi na moja nimekaa pale nikiwacheka wateja wanaoleta kadi za "halusi" na matangazo ya "uduma bora". Kicheko hicho nakihesabu kama sehemu ya mshahara. Prufu ikiwa safi naandika chini yake *Imesomwa. Sawa.* na kutia sahihi yenye mkia mrefu, maana bwana wee, mtu asipojivunia mkia wake atajivunia nini.

Daktari, ukiondoa ini yake, alikuwa mtu mwema. Alituweka kitako akasema bila kuzunguka.

"Vidonge hivi haviondoi ugonjwa, mzee. Vinaupunguza mwendo. Ini yako ikivivumilia, tunazungumzia miezi mingi, pengine mwaka na kitu. Kila baada ya wiki mbili tutapima damu. Namba za ini zikipanda sana itabidi nivisimamishe. Na nikivisimamisha, sina kingine cha kukupa."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi, hata mimi niliyekimbia hesabu shuleni niliielewa. Vidonge ndivyo vilikuwa muda wa Baba duniani, na vidonge vilitegemea namba za damu.

Vidonge vilifanya kazi yake, na juu yake vikajipa kazi nyingine. Viganja vya Baba vilichubuka mpaka hakuweza kushika kalamu kwa zaidi ya dakika mbili. Kila alichotia mdomoni kilikuwa na ladha ya msumari. Alikula vijiko vitatu, akakisukuma kibakuli, akaniomba radhi kana kwamba amenivunjia sahani. Suruali zake zilianza kufungwa kwa kamba. Nilikuwa nikienda kazini nalia ndani ya moyo, nikifika nacheka "halusi" kama kawaida.

Hapo ndipo Shangazi alipoingia. Shangazi, dada yake Baba, haamini ugonjwa wowote usiokuwa na jirani aliyepona. Alikuwa ameshatuletea bangili ya sumaku, maji ya chupa yaliyosomewa, na mafuta ya mnyama ambaye hakuna aliyethubutu kumtaja jina.

"Kaka," alisema, "kuna mama mmoja wa Kichina, ana duka la mizizi nyuma ya maduka ya viatu. Jirani yangu alikuwa hali kabisa. Sasa hivi anakula mpaka wanamficha sufuria."

"Ini lake lilikuwa na nini?" nikauliza.

"Lilikuwa goti," alisema Shangazi. "Lakini mwili si ni mmoja?"

Mfa maji haachi kutapatapa, na mwenye baba mgonjwa hutapatapa kwa niaba yake. Tulikwenda.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye ukuta mzima wa droo ndogo, kila droo na kijikaratasi chake. Juu ya meza palikuwa na mizani ya shaba na kinu. Mama mwenyewe alikuwa mfupi, nywele nyeupe, miwani minene kama vitako vya chupa, na koti safi kuliko la daktari wetu. Nilimbatiza papo hapo jina la Bi Mizizi. Alikishika kifundo cha mkono wa Baba kwa vidole vitatu, akayasikiliza mapigo. Kisha akataka kuuona ulimi. Nikawaza, bado kumsomea nyota tu.

Halafu akafungua kinywa.

"Vidonge ulivyoandikiwa hospitalini, huvimeza kabla ya kula au baada ya kula? Na viganja vyako vilianza kuchubuka lini?"

Nilimwona Baba akikaa wima. Nilimjua, alikuwa anaandaa mtego.

"Mama," alisema taratibu, "unadhani ini yangu itapona?"

"Ini lako," Bi Mizizi akamrekebisha kwa upole, "sitakudanganya kwamba litapona. Ninachoweza kujaribu ni kukurudishia hamu ya kula na usingizi. Vidonge vya hospitali usiviache hata siku moja."

Basi, mambo yakaisha. Mzee wa miaka sabini na mbili, mjane, mgonjwa, alikuwa amependa. Alimpenda kwa ngeli, lakini wengine wamependa kwa sababu mbaya zaidi. Nilitoka kutafuta teksi, nikawaacha wakiagana kwa viambishi sanifu. Njiani Baba alikuwa amekumbatia vifurushi ishirini na vinane vya karatasi ya kahawia.

"Mtu asiyekosea ngeli," alisema, "hawezi kukosea mizizi."

"Hata matapeli husoma shule, Baba."

"Wangesoma vizuri tungewaheshimu," alijibu.

Nyumbani tulikuta ndani ya mfuko kikaratasi cha maelezo. Nilikitambua kwa mpaka wake wa majani ya mianzi. Kilikuwa kimechapwa dukani kwetu, na mimi ndiye niliyekipanga, mwaka uliotangulia, siku moja na kadi tatu za harusi. Sikukisoma. Mpishi hali chakula alichokipika mwaka jana. Baba ndiye aliyekisoma, kwa lenzi yake, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kama anavyosoma kila kitu, hata pakiti ya chumvi. Alipofika mwisho aliinua nyusi, akanitazama kidogo.

"Hiki kimechapwa kwenu?"

"Si unauona mpaka."

"Mzuri," alisema. Akakikunja mara nne, akakitia mfuko wa shati. "Sasa sikilizeni. Imeandikwa: usimwambie daktari wako kwamba unatumia dawa hii. Kwa hiyo hospitali wasijue."

Niliruka. Enhe! Si nilisema? Tapeli wa kawaida atakunong'oneza sikioni uifiche dawa yake; huyu anachapisha kabisa, tena kwa karatasi nzuri, tena kwetu! Shangazi yeye alipiga makofi. "Dawa ya kweli lazima iwe na siri," alisema. Nikasema mimi namwambia daktari kesho asubuhi, liwalo na liwe.

"Ukimwambia," Baba alisema, "sitakuwa radhi nawe."

Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Neno radhi kwa mzazi mgonjwa halichezewi, na yeye alilijua vizuri, alilitoa kama mchezaji karata anayetupa turufu. Nikaufyata.

Nyumba ikaanza kunuka kama viatu vilivyonyeshewa. Kila asubuhi nilikichemsha kifurushi kimoja kwenye chungu mpaka maji ya vikombe vitatu yabaki kikombe kimoja, cheusi, na Baba alikinywa bila kukunja uso, kwa heshima ya aliyekitoa. Siku ya nne aliumaliza uji. Siku ya saba aliomba uongezwe. Akalala usingizi wa kukoroma. Akaanza tena kuliwekea gazeti alama, dakika mbili kwa dakika mbili, akipumzisha kiganja juu ya goti. Nilifurahi, na nilichukia kwamba nafurahi. Usiku na mchana nilikuwa na hotuba tayari kichwani juu ya waganga na ujanja wao, nami nikiosha kibakuli kilichorudi kitupu.

Kipimo cha kwanza cha damu, namba za ini zilikuwa zimepanda kidogo. Daktari alisema tusubiri. Kipimo cha pili zilikuwa zimepanda mara tatu.

Daktari aliitazama karatasi, akamtazama Baba, akaitazama tena. "Mzee, kuna dawa zingine unatumia? Za duka, za mitishamba, chochote?"

Nilimtazama Baba. Baba alikuwa anasoma bango ukutani kuhusu kunawa mikono.

"Hapana," alisema.

"Basi ni vidonge, au ni ugonjwa wenyewe," daktari alisema, na safari hii sauti yake ilishuka. "Napunguza vidonge nusu. Mrudi baada ya wiki mbili. Namba zikiwa bado huko juu, nasimamisha. Samahani sana."

Kwenye korido nilimshika shati. "Baba, umemdanganya."

"Sikumdanganya. Ameuliza kama natumia dawa *zingine*. Neno ni *nyingine*. Zingine mimi sizijui."

Sikucheka. Wiki mbili ndizo zilizokuwa zimebaki kabla vidonge havijaondolewa, na baba yangu alikuwa anavichezea kwa sarufi.

Asubuhi iliyofuata niliaga kazini naumwa, nikaenda nyuma ya maduka ya viatu. Niliingia bila kubisha hodi.

"Mama, wewe ni muuaji," nilisema. Ndiyo ilikuwa shikamoo yangu.

"Marahaba," alijibu Bi Mizizi. "Kaa."

Sikukaa. Nilimwaga yote: namba mara tatu, vidonge nusu, wiki mbili, na yeye kujificha nyuma ya ngeli huku akiwaambia watu wazima wawafiche madaktari wao. Nilikuwa nimechukua kikaratasi kimoja kwenye meza yake, nikampungia usoni kama hakimu. Alinisikiliza hadi pumzi iliponiishia. Kisha akakichukua, akakisogeza mpaka kikagusa miwani, akasoma mstari wa chini kwa midomo.

Akafungua droo ya chini kabisa, akatoa jalada, na ndani ya jalada akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ya juu ilikuwa mwandiko wake wa mkono, herufi za duara za mtu aliyejifunza ukubwani:

*Usichemshie kwenye sufuria ya chuma.*
*Usiongeze sukari.*
*Usinywe pamoja na pombe.*
*Usirudie kuchemsha zaidi ya mara mbili.*
*Umwambie daktari wako kwamba unatumia dawa hii.*

Ya chini ilikuwa prufu yetu. Mistari minne ilianza na *Usi*, na vidole vyangu, siku ile ya kadi tatu za harusi, viliona haya kuuacha wa tano peke yake. *Usimwambie.* Silabi moja. Na chini yake, kwa wino wa buluu: *Imesomwa. Sawa.* Na mkia.

Nyani haoni kundule. Mimi la kwangu nilikuwa nimelichapa nakala elfu mbili.

"Herufi zenu ni ndogo," Bi Mizizi alisema. "Macho yangu hayazifikii tena. Nikaiona sahihi, nikasema, hawa ndio wenye lugha." Hakusema kwa kunisuta. Angenisuta ningepumua. "Mimi humwambia kila mtu kwa mdomo kwamba daktari ajue. Baba yako nilimwambia pale pale mlangoni. Wote huitika ndiyo. Nilikuwa najiuliza mbona hakuna daktari hata mmoja anayenipigia simu."

Nilikaa, hatimaye. Nilitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo mno, na siku hiyo nilikuwa nimeanza kuyaogopa maneno madogo. Mwaka mzima nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nikiwacheka watu kwa *r* na *l*.

Bi Mizizi aliniwekea mbele boksi la vikaratasi vilivyobaki na kalamu nene nyeusi. Yeye akachukua daftari la wagonjwa na simu. Tukakaa hivyo mpaka saa saba mchana, mimi nikifuta *si*, moja moja, mia sita na kitu, yeye akipiga simu na kueleza kwa Kiswahili chake kisicho na doa kwamba kulikuwa na kosa la uchapaji. Hakusema la nani. Wengine walicheka. Mmoja alisema hakuwahi kukisoma. Kwenye namba ya kumi na nne Bi Mizizi alisikiliza muda mrefu, kisha akasema tu, "Pole, mama. Pole sana," akaikata. Akaniambia mume wa dada aliyepokea simu hahitaji tena karatasi. Hakuna ajuaye kama ilikuwa ni mizizi, au ni ugonjwa, au ni silabi yangu. Kalamu ilinidondoka. Niliiokota nikaendelea, sikujua kufanya kingine.

Nilipoondoka alinipa orodha ya mizizi yote tisa kwa mwandiko wake. "Mpe daktari. Na baba yako asinywe tena mpaka daktari aseme."

Nilimkuta Baba dirishani, gazeti magotini, Shangazi akimsomea matangazo ya vifo ili amkosoe matamshi. Nilimwomba Shangazi atupishe. Akatupisha mpaka nyuma ya pazia.

"Baba, kile kikaratasi," nilianza. "Kosa ni langu. Bi Mizizi aliandika *umwambie*. Mimi ndiye niliyetia *si*. Mimi ndiye niliyetia sahihi."

Hakushtuka. Aliingiza vidole viwili vilivyochubuka mfukoni mwa shati, akakitoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, akanipa. Nilikikunjua. Kwenye mstari wa tano, silabi *si* ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni alama ya kufuta, ile yenye kijitanzi, imetetemeka kidogo. Chini yake aliandika tarehe, kama alivyofanya kazini miaka yote. Ilikuwa tarehe ya siku ya kwanza.

"Ulijua," nilisema.

"Naitwa Mzee Nukta. Ulidhani silabi nzima itanipita?"

"Ulijua tangu siku ya kwanza!"

"Na mama yule aliniambia kwa mdomo pia, ulipokuwa nje unatafuta teksi."

"Sasa kwa nini?"

Aliikunja pembe ya gazeti, akaikunjua. "Kwanza, nilitaka kula," alisema. "Usinitazame hivyo. Wewe hujawahi kulamba msumari miezi miwili. Nilijua daktari atanikataza. Kosa lako likanipa ruhusa, nami nikaipokea. Na pili, ningekirudisha, yule mama angekuja dukani kwenu, na mwenye duka angeuliza nani kasaini. Nilimwambia binti yangu hakosei. Miaka thelathini na minane nimeyaanika makosa ya watoto wa watu mbele ya kila mtu. La kwangu halikutoka mfukoni."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sidhani walimaanisha mfuko wa shati.

"Kwa hiyo ungekufa mapema," nilisema, "ili mimi nisikaripiwe na mwenye duka?"

"Sentensi hiyo haijakaa vizuri," alisema Baba. Kisha akatazama nje. "Lakini maana yake ni hiyo."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na nilimkumbatia kwa hasira hiyo hiyo, mpaka akasema namuumiza mbavu. Nyuma ya pazia Shangazi alikuwa analia kwa sauti ya mtu aliyetupisha mbali.

Hospitalini alisema mwenyewe. Alikataa nimsemee. "Daktari, nilikuwa nakunywa mizizi, wiki nne sasa. Uliniuliza nikakuficha." Akaweka mezani orodha na kikaratasi chenye duara jekundu.

Daktari alivisoma vyote viwili. Nilisubiri agombe. Hakugomba, akavua miwani tu.

"Mzee, sasa siwezi kujua kama namba zimepandishwa na mizizi, au na vidonge, au na ugonjwa. Ungeniambia mwanzoni ningekuwa nafuatilia, pengine hata ningekuruhusu baadhi. Sasa tunaacha vyote wiki mbili, vidonge na mizizi, tuone ini lako litasemaje."

Baba aliniegemea sikioni. "Hali ni mbaya," alinong'ona. "Ameanza kuchunga ngeli."

Tulicheka kwa aibu, kama watoto msibani, na daktari akatusubiri bila kujua amefanya nini.

Namba zilishuka, si zote, lakini za kutosha. Vidonge vikarudi, nusu dozi. Picha iliyofuata ilionyesha kwamba uvimbe haukukaa bure muda ule tuliokuwa tunashughulika na siri zetu. Daktari hakusema tena "mwaka na kitu". Alisema "miezi", akaiacha bila kuihesabu, na hakuna aliyemuuliza. Alizungumza na Bi Mizizi kwa simu, wakakubaliana juu ya tangawizi peke yake kwa kichefuchefu, jambo ambalo Shangazi alisema hata yeye angeweza kuliandika. Msumari ulirudi mdomoni mwa Baba. Alikula vijiko vitatu, vinne siku za neema.

Mwenye duka nilimwambia mwenyewe. "Kwani nani husoma vikaratasi?" alisema. Nikamsomea mstari wa tano. Akakaa, akasema tuchape upya.

Nilipanga kikaratasi kipya kwa herufi kubwa ambazo macho ya Bi Mizizi yanaweza kuzifikia. Nilikisoma mara tano, mara mbili kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama nilivyofundishwa. Halafu sikutia sahihi. Nilikipeleka nyumbani.

Baba alikuwa dirishani, viganja vimepakwa mafuta na kuvishwa glavu za pamba. Nilimwekea kalamu nyekundu katikati ya vidole viwili. Alisoma polepole, lenzi ikitangulia. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kwenye wa tano kalamu ilishuka.

"Nimekosea tena?" nikauliza.

Alikuwa anaandika, na ilimchukua muda, na alipumzika mara moja katikati. Aliponirudishia niliona alama ambayo sikuwahi kuiona mkononi mwake: kijimshale cha kuingiza neno. Baada ya *daktari wako* alikuwa ameongeza *na mwanao*. Na kwa kuwa sasa walikuwa wawili, alikuwa ameifuta *mw* na kuandika *wa* juu yake, ili kitenzi kikubaliane nao.

*Uwaambie daktari wako na mwanao kwamba unatumia dawa hii.*

"Msahihishaji haongezi neno," nilimwambia.

"Nimestaafu," alisema Baba.

Chini yake alikuwa ameandika *Imesomwa. Sawa.* Nilikipeleka kwa Bi Mizizi jioni ile ile. Alikisoma kwa macho yake mwenyewe, akauliza kama maneno mawili yale ya nyongeza ni ya sarufi au ni ya kwetu nyumbani. Nikamwambia ni ya nyumbani, na kesho yake tukachapa.